Kabla ya Laptopu, Mawe

Kuingia Thimlich Ohinga lazima uiname. Ukuta wa mawe makavu, sehemu nyingine ukipanda hadi mita 4 na zaidi, una mlango mfupi na mwembamba, na mtu mzima hupita akiwa amekunja mgongo, kichwa kimetangulia. Waliojenga walijua wanachofanya. Mtu aliyeinama hawezi kurusha mkuki, na walinzi walikuwa wamekaa hapo hapo ndani wakimsubiri. Hakuna saruji katika ukuta ule, hakuna hata udongo wa kushikilia. Ni jiwe juu ya jiwe, na umesimama tangu karne ya 16 hivi. Uko Kaunti ya Migori, kilomita 46 kutoka mji wenyewe, na mwaka 2018 UNESCO iliuweka kwenye orodha ya Urithi wa Dunia.

Ndani kuna kitu kingine ambacho wageni wengi hukipita bila kukipiga picha: jiwe lililochongwa safu za vishimo, za mchezo wa jamii ya bao. Huku kwetu tunauita ajua. Safu mbili za vishimo, mbegu mkononi. Unachota zote za kishimo kimoja, unazipanda moja moja kwa vinavyofuata, na hesabu inaanza kuuma kichwa. Ukienda Zanzibar utakuta binamu yake mwenye makuu zaidi, bao lenye safu nne za mashimo manane na kete 64, na wazee wanaoweza kukaa jioni nzima juu ya mchezo mmoja. Lakini kote wazo ni lile lile: chota, panda, kula.

Naanza na mlango na jiwe kwa sababu ya swali nililoulizwa, na ambalo nadhani wasee wengi wanaosoma hapa wanalo kichwani.

Binamu yangu yuko Homa Bay. Alimaliza fomu four, na sasa anasimamia banda la gemu karibu na steji. Kazi yake ni kuwasha mashine, kukusanya pesa na kutenganisha wanaotaka kupigana kwa ajili ya FIFA. Jioni, banda likifungwa, anaandika kwenye daftari. Ana wazo la gemu. Shujaa ni Gor Mahia, yule mganga wa Kanyamwa anayesimuliwa kwamba alijigeuza umbo mbele ya macho ya watu, ambaye klabu ya mpira ilichukua jina lake mwaka 1968. Ramani inaanzia Muhuru Bay hadi Kendu Bay. Kuna machimbo ya dhahabu ya Macalder, kuna mitumbwi, kuna ziwa Simbi Nyaima ambalo usiku linameza kijiji kilichomnyima bibi kizee mahali pa kulala. Misheni 40. Kurasa zimejaa, michoro ya silaha imepakwa rangi.

Akanitumia ujumbe wa sauti: "Omera, mathe anaweza kuchukua loni kwa chama aninunulie laptopu. Nimwambie achukue?"

Mathe wake ni anti yangu, na anauza omena. Chama chenyewe ni cha wamama kumi na kitu, na kila mmoja amemdhamini mwenzake. Loni ikikwama, haikwami peke yake. Aliniuliza mimi kwa sababu mara moja moja nalipwa kuandika kuhusu gemu, na pia kwa sababu niliacha chuo mwaka wa pili karo ilipokatika. Katika familia yetu, mimi ndiye mtu pekee ambaye hatamwambia "soma kwanza."

Nilimwambia mambo mawili. Wazo ni zuri. Na laptopu, bado. Ninyi nitawaeleza kwa urefu zaidi.

Wazo ni zuri kwa sababu lina mahali. Huko Japani, Shigeru Miyamoto alipokuwa mtoto alizunguka vilima vya kijijini kwao, akakutana na mapango na kuingia ndani akiwa na taa. Mwaka 1986 gemu yake ya The Legend of Zelda ikatoka, na ukiicheza leo bado utaona yule mtoto anayejiuliza kuna nini huko ndani. Hata hapa karibu, gemu zilizotutangulia zilishika mahali. Mwaka 2007 Mkenya Wesley Kirinya alitoa The Adventures of Nyangi, kuhusu binti anayesaka hazina za kale za Afrika. Mwaka 2009 yeye na Mghana Eyram Tawia wakaanzisha Leti Arts, ambayo baadaye iliwaweka mashujaa wa hadithi zetu kwenye simu. Planet Rackus walitengeneza Ma3Racer, gemu ya simu ambayo wewe ndiye dereva wa matatu. Mwaka 2015 Andrew Kaggia akatoa Nairobi X, viumbe kutoka anga za mbali wamevamia jiji na wewe ndiye wa kuwafukuza. Hakuna hata mmoja wa hawa aliyesubiri mtu wa Ulaya amwambie kwamba mtaa wake unafaa kuwa gemu.

Kwa hivyo kijana wa Homa Bay anayetaka kuchezesha watu ndani ya ohinga hajapotea njia. Yuko kwenye mstari mrefu.

Shida iko kwenye misheni 40.

Chukua Tetris. Mwaka 1984, Moscow, Alexey Pajitnov alikuwa mtafiti wa kompyuta kwenye kituo cha Akademia ya Sayansi ya Sovieti. Alipenda fumbo la vipande vilivyoundwa kwa miraba mitano mitano, ambavyo maumbo yake ni 12. Alipojaribu kulitia kwenye mashine akaona ni vurugu. Akapunguza: miraba minne, maumbo 7. Kompyuta yake, Elektronika 60, haikuweza kuonyesha picha, herufi na alama tu, kwa hivyo vipande akaviunda kwa mabano ya kawaida ya maandishi. Kisha akagundua skrini inajaa kwa sekunde chache na gemu inaisha. Akaongeza kitu kimoja: mstari ukijaa, unafutika. Hapo ndipo Tetris ilipozaliwa, na dunia nzima ikashikwa. Angalia vizuri mpangilio wa mambo. Alipunguza, akacheza, akaona kasoro, akaongeza kanuni moja tu ya kuitibu.

Hata sharubu za Mario zilitokana na ufinyu. Mwaka 1981, kwenye Donkey Kong, nukta za kumchora zilikuwa chache mno kuonyesha mdomo, basi akawekewa sharubu. Nywele zilikuwa ngumu, akavishwa kofia. Alichokosa mchoraji ndicho kilichompa mhusika sura anayojulikana nayo mpaka leo.

Binamu yangu alisikia hayo yote kisha akanijibu kwa hadithi ambayo nilijua itakuja: "Na Lual je?"

Lual Mayen. Kama humjui, mjue leo. Ni Msudani Kusini aliyezaliwa familia yake ikiwa njiani inakimbia vita, akakulia kwenye kambi ya wakimbizi kaskazini mwa Uganda. Akiwa mtoto aliona kompyuta mahali pa kuandikisha wakimbizi, akamwambia mamake anataka moja. Mama yule aliweka akiba miaka mitatu, polepole, mpaka zikafika dola 300, akamnunulia. Umeme hakuna. Lual alikuwa akitembea saa tatu kwenda kuichaji kwenye saiba, na saa nyingine tatu kurudi. Akajifunza kwa video za mafunzo, akatengeneza gemu aliyoiita Salaam. Mchezaji ni mtu anayekimbia vita, na anahitaji maji, chakula na dawa ili afike penye amani. Wenzake wa kambini aliwarushia kwa Bluetooth. Desemba 2018 alikuwa Los Angeles akitambuliwa kwenye tuzo za The Game Awards.

"Sasa huoni alinunuliwa laptopu kwanza?" binamu akasema.

Ni swali la haki, na lilinifanya nifikiri vizuri. Tofauti naziona mbili. Ya kwanza, mama yake Lual aliweka akiba, hakukopa. Mpango ungefeli, angepoteza pesa zake, na uchungu ungekuwa wake. Hapangekuwa na wamama kumi mlangoni. Ya pili, Lual hakuwa na mbadala. Wewe unao, uko mfukoni mwako. Godot ni programu ya bure ya kutengeneza gemu, iliyoanzishwa na vijana wawili wa Argentina na kufunguliwa kwa kila mtu mwaka 2014, na siku hizi inapatikana hata kwenye simu ya Android. Kuandika msimbo kwa kidole ni mateso, sikatai, na simu yenye nafasi ndogo italalamika. Lakini mateso ya wiki mbili yatakuonyesha kama unaipenda hii kazi au unaupenda mchoro wa panga uliopakwa rangi. Na kama kuandika msimbo kunakutisha kabisa, kuna Scratch, iliyotengenezwa MIT na kutolewa mwaka 2007, ambapo unaunganisha vipande kama watoto na matofali. Usione haya. Kanuni ya gemu ikiwa nzuri, mchezaji hatauliza uliijenga kwa nini.

Lakini kabla hata ya simu kuna mawe, na hapa ndipo babu zetu wa ajua wanapotuzidi akili.

Nilimwomba binamu aandike gemu yake kwa sentensi moja yenye kitenzi. Siyo "Gor Mahia anaokoa ardhi ya wazee wake", hiyo ni filamu. Mchezaji anafanya nini kwa kidole chake? Anakimbia? Anajificha? Anahesabu? Alihangaika siku tatu. Akarudi na hii: "Unalinda mlango wa ohinga ili wezi wa ng'ombe wasiingie." Misheni 39 zikabaki kwenye daftari, salama. Hakuna aliyezichoma.

Nilipopanda kwenda kumwona, tulichora duara kwenye katoni. Pengo moja likawa mlango. Ng'ombe watano walikuwa mbegu za maharagwe, wezi wakawa vizibo vya soda, mlinzi akawa jiwe. Kila mmoja anasogeza hatua moja kwa zamu. Kisha ile kanuni ambayo mlango wa Thimlich ulitupa bure: anayepita mlangoni ameinama, kwa hivyo anakosa zamu moja. Basi.

Tulicheza mara tano na wezi hawakushinda hata mara moja. Jiwe linakaa tu mlangoni linawapokea mmoja mmoja. Gemu gani hiyo? Binamu alitaka kuongeza uchawi, Gor Mahia ageuke chui. Nikamwambia subiri, bado hatujajua ugonjwa. Tukakata mlango wa pili upande wa nyuma. Sasa mlinzi ni mmoja, milango ni miwili, na ghafla kila hatua ina uchungu: ukienda huku, huko kumebaki wazi. Mwizi naye akajifunza kudanganya, anasogea mlango huu ili mlinzi aje, wenzake waingie ule. Tulicheza mpaka stima ikapotea, tukaendelea kwa tochi ya simu. Gharama ya majaribio yote: katoni moja na maharagwe ya anti, ambayo aliyadai yarudi jikoni.

Baada ya hapo ndipo chui alipata kazi. Mara moja tu kwa mchezo, mlinzi anaweza kujigeuza na kufika mlango wowote kwa zamu moja. Umeona? Uchawi ukija baada ya kanuni unakuwa uamuzi mzito, nitumie sasa au ningoje? Ukija kabla, ni mapambo.

Hatua ya pili ni kumpa mtu asiyekupenda acheze. Mwaka 1972, Atari walipomaliza Pong, ambayo Allan Alcorn alipewa kama zoezi la kujifunzia kazi, waliipeleka kwenye baa moja ya Sunnyvale, California, wakaiacha pale na walevi. Baada ya muda mwenye baa akapiga simu kulalamika mashine imekufa. Alcorn alipoifungua akakuta kisanduku kimejaa sarafu hadi haziingii tena. Hiyo ndiyo ripoti nzuri kuliko zote, na hakuna aliyejaza fomu ya maoni.

Binamu yangu hana baa. Ana banda, na banda lina vijana wanaosubiri zamu ya FIFA wakiwa wameboeka. Soko gani linashinda hilo? Nilimpa masharti: weka katoni mezani, eleza kanuni mara moja, kisha nyamaza. Usitetee, usiseme "hapo bado sijamaliza." Tazama wanakokwama, wanakocheka, wanakoacha. Rafiki atakuambia ni moto. Mgeni ataangalia simu yake, na huyo ndiye mwalimu.

Aliogopa wataiba wazo. Wengi huogopa hivyo, na nimeona watu wakitembea na wazo moja miaka sita kama yai, halijaanguliwa. Sheria ya hakimiliki ya Kenya, ile inayosimamiwa na KECOBO, hailindi wazo tupu. Inalinda kilichotengenezwa: msimbo ulioandika, michoro uliyochora, muziki, maandishi. Yaani ulinzi wenyewe unaanza ukifanya kazi. Na hebu tuseme ukweli, yule msee wa FIFA ana shida zake. Hatakwenda nyumbani kujenga ohinga yako.

Jambo la mwisho linahusu wenyewe. Gor Mahia si mtu wa katuni aliyebuniwa ofisini Marekani. Ni mtu wa Kanyamwa, huko Ndhiwa, na ukoo wake upo. Ohinga nazo si mandhari tu. Kuna mamia ya maboma ya namna hii yaliyotapakaa eneo hili la kusini mwa Nyanza, na jamii za Kibantu na za Kiniloti zilipokezana kuishi humo kwa karne kadhaa. Ukitengeneza gemu ambayo wezi wote ni kabila moja na walinzi ni lingine, utakuwa umetengeneza uongo, na katika kaunti kama Migori, ambako Wajaluo, Wakuria, Waluhya na Wasuba wananunua sukari duka moja, uongo huo una bei. Nenda kakae na wazee. Uliza walifunga mlango kwa nini, ng'ombe walilala wapi, nani alikesha. Kila jibu ni kanuni ya bure ambayo mtengenezaji wa Tokyo hawezi kuipata kwenye intaneti.

Tulikubaliana hivi kuhusu loni, na ndivyo ninavyomshauri yeyote mwenye wazo changa. Wageni watatu, ambao hawakupendi na huwadai, wakimaliza kucheza katoni na kusema "rudia," hamisha kwenye simu: duara, milango miwili, nukta za rangi badala ya watu. Ikifanya kazi, hata kwa sura mbaya, ndipo uanze kuweka akiba ya laptopu ya mtumba, akiba yako kutoka banda, na mathe akitaka kuongezea, aongezee cha kwake na si cha chama. Ukifika hapo utakuwa unanunua kifaa cha kazi iliyokwisha kuanza. Na wageni wakikataa kurudia, umepoteza katoni. Chora nyingine. Daftari bado lina misheni 39.

Anti aliposikia loni haihitajiki kwa sasa, alisema tu "Nyasaye ni mwema," akaendelea kuanika omena. Wiki iliyopita nilipata ujumbe kutoka Homa Bay. Mgeni wa kwanza aliomba kurudia. Wa pili alisema mlinzi anachosha. Binamu anataka kujua kama ni sawa kuongeza mlango wa tatu.

Nimemwambia ajaribu.